Mheshimiwa Aliyemeza Mtaji

Boila lilipoingia uani kwa Bi Ratili, mnunuzi wa chuma chakavu, likining'inia kwenye mnyororo wa kreni, wasukuma mikokoteni walishangilia, na mmoja wao akalipachika cheo papo hapo: Mheshimiwa. Tumbo lilikuwa kubwa, mwili umenona, kazi haijulikani, na tangu siku ile halikusogea wala kumfaa mtu. Lilikaa katikati ya uwanja likiangaliwa, na kila aliyetaka kufika kwenye mizani alilazimika kulizunguka kwa adabu.

Liliuzwa na kiwanda cha sabuni kilichofungwa. Siku ya kuliangalia, Bi Ratili alijifunga kanga kiunoni, akaingiza kichwa na tochi kwenye mdomo wa boila, akayaona mabomba ya shaba nyekundu yamepangwa safu kwa safu mle ndani. Moyo ukamruka. Wanunuzi wa chuma chakavu wana ugonjwa wao mmoja: wakiona shaba, masikio yanaziba. Muuzaji akataja bei, yeye akaishusha, wakabishana mpaka wakachoka wote wawili, akalipa taslimu. Alipiga hesabu ya chuma, ya shaba, ya kreni, hata ya soda ya dereva wa kreni. Akasahau gesi ya kulikatia.

Ndiyo, gesi. Cheka tu, naye angecheka kama lingekuwa la jirani. Lori la kiwanda cha kuyeyushia halichukui kitu kizima. Linataka vipande ambavyo watu wawili wanaweza kuvirusha juu. Bila kukatwa, Mheshimiwa hakuwa mali, alikuwa kizuizi cha barabara.

Shemeji yake, mdogo wa mumewe, ndiye aliyekuwa mkataji pale uani. Watu walimwita Cheche, na nusu ya nyusi zake zilikwisha kuungua kuthibitisha jina. Cheche alikuwa ameapa kwamba mtungi wake umejaa. Akawasha, akachora ufa wa urefu wa kiganja ubavuni mwa Mheshimiwa, mwali ukakohoa, ukazima.

"Shemeji," Bi Ratili alimuuliza, "huo mtungi ulikuwa umejaa nini, dua?"

"Ulikuwa mzito, shemeji. Wallahi ulikuwa mzito."

"Hata wewe ni mzito. Umejaa nini?"

Muuza gesi akakataa kukopesha kabla ya kulipwa deni la mwezi uliopita. Mume wa Bi Ratili alikuwa dereva wa masafa marefu, yuko njiani upande ambao simu haishiki, na hata ingeshika asingempigia, maana hakumwambia habari za boila tangu mwanzo. Alitaka kumwonyesha faida, si kumwomba ruhusa.

Hayo yote yangevumilika. Jambo lililomkosesha usingizi lilikuwa jingine.

Pale uani, msukuma mkokoteni akilipwa jioni, hakuondoka na zote. Alihesabu, akatenga kidogo, akamrudishia: "Bakiza hapo, mama." Nyumbani pesa ina midomo mingi, kwa Bi Ratili ilikaa salama. Kila mtu alijua chake, naye alijua cha kila mtu, kichwani, bila kukosea. Mwenye kuuguliwa alikuja akachukua, mwenye kodi ya chumba akachukua. Miaka yote hiyo hakuna aliyeambiwa njoo kesho. Kwa ajili hiyo walimletea mzigo yeye, wakampita mnunuzi wa ng'ambo ya barabara ambaye alilipa bei ileile.

Na ile pesa waliyobakiza alikuwa ameitia yote tumboni mwa Mheshimiwa. Aliiazima, alijiambia. Wiki moja tu. Wiki ilikwisha na Mheshimiwa bado ameketi.

Asubuhi hiyo alifungua geti akiwa na vinoti vichache kwenye mkoba wa kiunoni, vimekunjwa ili vionekane vingi. Mikokoteni ilikwisha kupanga foleni. Kila asubuhi aliwapa mtaji mdogo wa kununulia mzigo mitaani, sufuria zilizotoboka, mabati, vyuma vya vitanda, jioni wakaleta, akapima, akakata chake. Asubuhi usipotoa, jioni usitegemee. Mkokoteni hauna ndoa.

"Leo mnachukua kidogo kidogo," alisema kwa sauti ya kuchangamka. "Jana mmeniletea makopo matupu mkayaita chuma. Nataka niwaone kwanza kama mmepona macho."

Wakacheka. Wa kwanza akachukua, wa pili akachukua. Wa tatu alikuwa Mzee Kengele, mkongwe wao, aliyefunga kengele ya baiskeli kwenye mkokoteni wake na kuipiga hata njia ikiwa nyeupe. Leo hakuipiga. Alikuwa amevaa shati la kupigwa pasi.

"Binti yangu, leo sichukui mtaji," alisema. "Nimekuja kuchukua changu. Chote."

Bi Ratili aliubana mkoba kiunoni. Uso haukubadilika.

"Chote, mzee wangu? Unaongeza mke?"

"Kijana wangu amepata nafasi chuo cha ufundi. Leo ndiyo mwisho wa kulipa. Alasiri wakifunga dirisha, wanampa mwingine."

"Hongera sana! Basi nenda kanywe chai, ukirudi adhuhuri utakuta nimekutengenezea. Pesa nyingi hivyo siwezi kuzitoa kiunoni mbele za watu."

Lilikuwa jibu zuri. Kwa mtu mwingine lingetosha. Mzee Kengele alimtazama, akautazama mkoba, akamtazama Mheshimiwa, kwa mpangilio huo, kisha akauegesha mkokoteni pembeni mwa geti, akaketi juu ya gurudumu bovu la trekta.

"Sina mahali pa kwenda," alisema kwa upole. "Nitaingojea hapahapa."

Hakupiga kelele wala kulalamika. Aliketi tu, mikono magotini, shati lake safi katikati ya kutu. Lakini mzee aliyeambiwa angoje, pale ambapo hakuna aliyewahi kungoja, ni habari. Na habari pale uani ilikuwa na mtumishi wake, msukuma mmoja mrefu aliyeitwa Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzima.

Redio alichukua mtaji wake, akatoka. Haukupita muda akarudi, mkokoteni mtupu, na wenzake nyuma yake.

"Mama, usinielewe vibaya," alianza, na ukisikia mtu anaanza hivyo shika ukuta. "Na mimi naomba changu. Si kwa ubaya."

"Redio, wewe kijana wako anaingia chuo gani?"

"Sina kijana."

"Basi una haraka ya nini?"

"Sina haraka, mama. Naomba tu."

Nyuma yake mtu akasema, "Na mimi." Mwingine, "Na mimi pia, mama, nina jambo." Hawakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Walikuwa na aibu, kama watu wanaokagua mfuko wa rafiki yao. Wenye hasira angewatania wakapoa. Wenye aibu utawafanya nini?

"Adhuhuri," alisema. "Wote adhuhuri. Mnataka niwalipe kama wezi, mbiombio? Kaeni."

Wakakaa. Hakuna aliyekwenda mtaani. Uwanja ukajaa watu wasiofanya kazi, kimya, jua linapanda, na bati moja mahali fulani likigonga kila upepo ukipita. Cheche alimvuta shemeji yake nyuma ya boila.

"Shemeji, wanauliza. Niwaambie nini?"

"Waambie gesi inakuja."

"Inakuja?"

"Cheche, mtungi wako ulijaa?"

"Hapana."

"Uliapa?"

Cheche akainamisha kichwa. "Niliapa."

"Basi apa tena, una uzoefu."

Utani ulimtoka wenyewe. Alipita kichwani kwa kila aliyeweza kumkopesha, akafuta mmoja mmoja, mpaka akabaki na yule ambaye hakutaka hata kumfikiria. Na huyo hakuhitaji kuitwa. Alikuwa anavuka barabara kwa miguu yake, njiti ya meno mdomoni.

Mnunuzi wa ng'ambo aliitwa Sumaku. Wengine walisema ni kwa sababu hatoki nyumbani bila sumaku mfukoni ya kujaribia vyuma, wengine kwa sababu kitu kikimgusa hakibanduki. Alimsalimia Mzee Kengele kwa heshima zote, shikamoo pamoja na kuinama, akawapungia wengine, kisha akasogea mpaka kwa Mheshimiwa, akampapasa tumbo kama mganga.

"Jirani, mgonjwa wako hajambo?"

"Anapumzika. Umemletea maua?"

"Nimeleta dawa." Akashusha sauti. "Nalinunua."

"Kwa bei gani?"

Akataja. Ilikuwa bei ya mabati mchanganyiko, bei ya uchafu. Bi Ratili alicheka kwa sauti ili waliokaa wasikie kicheko.

"Sumaku, hiyo bei ya boila au ya kofia yako?"

"Sikiliza, Bi Ratili. Najua una nini kiunoni, najua wanataka nini hawa. Hata wewe unajua najua. Mimi nitawalipa. Kila mtu na chake, mpaka senti ya mwisho. Waje tu pale getini kwangu, nawahesabia mmoja mmoja. Wewe upumzike."

Alilisema kwa huruma kabisa. Ilimchukua Bi Ratili pumzi moja kuliona shimo. Mtu akilipwa amana yake kwenye geti la Sumaku, jioni mzigo wake anaupeleka wapi? Na kidogo chake atabakiza kwa nani? Sumaku hakuwa ananunua boila. Alikuwa ananunua foleni.

"Wewe unataka kununua chuma au unataka kunioa?"

"Una mume."

"Basi ongea chuma. Watu wangu nawalipa mimi, uani kwangu, kwa mkono wangu."

Sumaku aliing'ata njiti yake. "Sawa. Lakini kwa bei yangu."

"Nitakuuzia ganda, kwa bei nzuri. Ukate kwa gesi yako, uchukue chuma chote. Mabomba ya ndani yabaki yangu."

Akacheka huyo, akacheka mpaka njiti ikaanguka. "Yaani nivae suruali, mifuko ubaki nayo wewe? Mwili mzima, jirani, au basi."

"Basi," alisema Bi Ratili.

Alilisema upesi kuliko alivyofikiri. Sumaku akainua mabega, akageuka, akaanza kuondoka, taratibu, kama mtu anayejua ataitwa. Bi Ratili alikaza meno. Mabomba yale ndiyo yaliyomtia mle. Bila hayo angekuwa amenunua kutu, kwa pesa za watu. Lori moja la shaba, na mumewe angerudi akute ukuta wa matofali umesimama badala ya mabati. Asubiri tu. Muuza gesi huenda angelegea. Huenda mume angepiga simu. Huenda, huenda.

Getini, Mzee Kengele alisimama. Alijipangusa vumbi la matakoni, akaangalia jua lilipofika, akaushika mkokoteni wake kwa mikono miwili. Alikuwa amekata tamaa kwa adabu, hataki kumwaibisha. Wote waliokaa wakainua vichwa.

"Sumaku!" Bi Ratili aliita, na sauti ikatoka kama si yake. "Chukua na tumbo."

Sumaku akarudi akijizuia kutabasamu. Hapo Bi Ratili akamkazia macho.

"Lakini pesa kwanza. Hapa, mkononi mwangu, kabla hujaleta mtungi. Na bei si ile. Nataka pesa yote waliyoniwekea, na juu yake mtaji wa kesho."

"Mtaji wa kesho haukuwamo."

"Sasa umo."

"Bi Ratili, wewe ndiye uliyebanwa, siyo mimi."

"Kweli nimebanwa. Basi chungulia mle ndani, uniambie kama hutaki, nikamwite mwingine."

Mwingine hakuwepo. Sumaku angejua hilo kama angefikiri. Lakini Cheche, kwa mara ya kwanza asubuhi ile, alifanya jambo la maana: aliiwasha tochi na kuiingiza kwenye mdomo wa boila bila kuambiwa. Sumaku akachungulia. Alikaa mle kichwa chote ndani, muda mrefu. Alipokitoa, masikio yalikwisha kuziba.

"Ngoja," alisema. "Usimwite mtu."

Alivuka barabara mbio. Kwake kukasikika kufuli, kisha sauti ya mkewe, "Zote? Na sisi tutanunulia nini?" kisha sauti yake, kisha mlango. Akarudi na mfuko wa nailoni mweusi aliouviringisha kifuani, na mkewe amesimama getini kwao, mikono kiunoni, anamsindikiza kwa macho. Wakahesabu juu ya sahani ya mizani, mbele za watu wote. Zilipotimia, Bi Ratili alipeana mkono na Sumaku, na Mheshimiwa akabadilisha mmiliki bila kuinuka.

"Mzee Kengele," aliita.

Mzee alikuja. Akampa chake, bunda zima. Mzee akalamba kidole gumba, akahesabu bila haraka, akazisokomeza noti ndani ya shati na kufunga vifungo hadi juu.

"Nilidhani umekula," alisema.

Angeweza kumtania. Maneno yalikuwapo, yamejaa mdomoni. "Nilikula, mzee wangu," alisema. "Nimetapika."

Mzee aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyejibiwa alichouliza. "Mzigo nitaleta," alisema. "Kubakiza, basi."

"Haya, mzee wangu. Mwambie kijana asome."

Akaondoka na mkokoteni wake, kengele kimya mpaka kona, na Bi Ratili akalisikia lile neno basi masikioni kama ameambiwa kwa kipaza sauti. Lakini Redio alikuwa mbele yake tayari, kiganja wazi. Redio alilipwa. Akainusa noti, akaiinua juani kuangalia, kisha akageuka akafanya kazi aliyozaliwa nayo.

"Zipo, jamani! Zipo zote! Nzima nzima!"

Wawili watatu walichukua zao na kuvuka barabara hapohapo, bila kumwangalia usoni. Wengine, waliposikia zipo, ghafla hawakuzihitaji tena. Wakajikuna shingo, wakasema aa, mama, acha tu, tutachukua siku nyingine, wakaomba mtaji wa asubuhi ingawa asubuhi ilikwisha kuzeeka. Akawapa. Uwanja ukapungua watu, magurudumu yakalia njiani, na Bi Ratili akakaa chini juu ya debe, akanywa maji kikombe kizima bila kuvuta pumzi.

Sumaku hakuondoka. Angeondokaje? Boila liliingia kwa kreni na bila kukatwa halingepita getini, kwa hiyo alileta mitungi yake, akamlipa Cheche ujira, na akavuta kiti akaketi pale pale alinde mali yake. Shaba ikishakatwa huota miguu, naye hakumwamini mtu. Mwali ukavuma. Kutu ikaanza kutoa machozi mekundu.

Alasiri mikokoteni ya Sumaku ikaanza kurudi kutoka mitaani, imejaa. Ilipanga foleni kwenye geti lake. Mkewe akatoka, akawaambia kitu kwa viganja vitupu. Wakangoja. Wakaulizana. Jua likawapiga. Mmoja wao, mwenye mzigo wa fremu za madirisha, akageuza shingo akatazama ng'ambo, ambako mizani ilikuwa inapanda na kushuka kwa sauti yake ya chuma.

Bi Ratili hakumwita. Alilichukua tu jiwe zito la mizani, akalidondosha kwenye sahani, kwa bahati mbaya, kwa kishindo.

Mkokoteni ukavuka. Wa pili ukafuata.

"Bi Ratili!" Sumaku alinyanyuka kitini. "Hao ni watu wangu!"

"Umewaandika jina mgongoni?"

"Nina pesa! Kesho nauza, nina pesa kuliko wewe!"

"Najua, jirani. Iko hapo nyuma yako. Waambie wangoje ikikatwa."

Sumaku alipiga hatua kuelekea geti, akageuka kumtazama Cheche na mabomba, akapiga hatua nyingine, akarudi. Mwishowe akabaki katikati, mguu huku mguu kule, na mkewe ng'ambo anampigia kelele.

Bi Ratili alikuwa anasoma mizani. Fremu zilikuwa za alumini, safi, hazina skurubu za chuma. Alilipa papo hapo kutoka kwenye mtaji wa kesho, noti zikapungua kiunoni, mzigo ukaongezeka ukutani, mzigo ambao lori lingeuchukua asubuhi bila kuuliza gesi. Mwenye fremu akahesabu, akasita, akashika noti moja kati ya vidole viwili.

"Hapa kwako watu hubakiza?"

Alitamani kusema ndiyo. "Kwa sasa chukua zote," alimwambia. "Kabakize nyumbani."

Nyuma yake mwali ulizima. Kitu kizito kilianguka, kisha vikafuata vitu vingi vyepesi, vikilia kwa sauti nyembamba inayojulikana na kila mtu wa kazi ile. Waliokuwa kwenye foleni wote wakavuta shingo.

"Shemeji!" Cheche aliita, sauti imejaa. "Shemeji, njoo uone! Nyekundu tupu!"

Bi Ratili aliweka mguu kwenye ukingo wa sahani isichezecheze, akamwashiria wa nyuma asogeze mkokoteni.

"Niambie kwa mdomo, shemeji," alisema, mgongo umewaelekea. "Huku kuna watu."